Hita inavuka mpaka, waya wa ethi unaachwa

Baridi ya asubuhi ya Byumba haina mzaha. Niliporudi nyumbani baada ya miaka mingi Kampala, ndani ya mzigo wangu mlikuwa na hita ya maji ya bafuni, ile isiyo na tangi, inayopasha maji papo hapo yanapopita. Fundi aliiunga kwenye waya wa soketi ya chumbani, na waya wa ethi akaukata kwa kuwa, alisema, hauna pa kwenda. Juma la pili mke wangu aligusa bomba akarushwa na umeme. Kandambili za mpira ndizo zilizomwokoa.

Nayakumbuka hayo kwa sababu tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 2022, baada ya kufungwa Februari 2019, naziona hita hizo katika mizigo ya ndugu zetu wanaorejea na ya wafanyabiashara. Ni ndogo, nyepesi, na bei yake haitishi. Lakini hita ya kilowati 5 huvuta takriban ampea 22, wakati soketi ya Uganda imetengenezwa kwa ampea 13 na ya kwetu 16. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye swichi kuu, tena mnene, wa milimita 4 za mraba au zaidi. Umeme ukishuka jioni hadi volti 180, nguvu yake hubaki kilowati 3 hivi, nawe unaoga maji ya vuguvugu.

Kwa mtu anayeishi peke yake katika nyumba iliyofungwa nyaya vizuri, sina ugomvi nayo. Kuoga dakika 10 hakumalizi hata uniti moja ya Cash Power.

Kwa familia, mimi nachagua tangi. Ni kweli hupoteza joto ikiachwa imewashwa usiku kucha, na ukuta lazima uwe imara, maana lita 50 za maji ni kilo 50 kabla hujahesabu chuma chenyewe. Lakini yenye kilowati 1.5 huvuta ampea 7 tu, huwa tayari baada ya saa moja na nusu hivi, na umeme ukikatika maji ya moto yamo. Vali ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapashwa, msiizibe! Tangi lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka.

Hata tangi halikwepi suala la ethi. Zile ndogo huja na plagi ya Uganda ya meno matatu bapa. Akifika hapa mteja hutafuta adapta ya meno mawili ya duara, isiyo na ethi, na hatari inakuwa ile ile iliyompata mke wangu.

Nawaomba wafanyabiashara wetu, kabla ya kupokea fedha, wamuulize mteja kama nyumba yake ina ethi. Asipojua, aende kwanza akamlete fundi umeme aipime, hita itamsubiri dukani.