Viza ya utalii si kibali cha kazi

Vijana wengi mtaani siku hizi wanaota Dubai, Doha na Riyadh. Siwalaumu, kazi hapa nyumbani ni haba. Ninachopinga ni huu mtindo wa ajenti kukuambia, "Wewe ingia na viza ya utalii, mambo ya kibali tutapanga ukishafika."

Mtego uko hapo. Katika Milki za Kiarabu, iliko Dubai, ni mwajiri anayepaswa kukutafutia kibali cha kazi, na sheria inamkataza kukutoza gharama za kukuajiri. Saudia vilevile, iqama, yaani kitambulisho cha mkaazi, hushughulikiwa na mwajiri. Bila karatasi hizo, ukinyimwa mshahara utalalamika wapi? Ukienda polisi, mkosaji wa kwanza ni wewe.

Kwa hivyo kabla mzee hajauza shamba ama mama hajakopa kwa chama, fanya mambo matatu. Kwanza, hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Pili, dai mkataba na uusome: mshahara, saa za kazi, jina la mwajiri. Tatu, waachie watu wa nyumbani nakala za pasipoti na mkataba huo.

Serikali nayo isingoje kupokea majeneza JKIA. Orodha ya maajenti halali ibandikwe katika kila ofisi ya chifu, maana matapeli wako mtaani tayari. Na ajenti akikuharakisha utie sahihi kabla hujasoma, mkimbie.