KIZURI HAKIJIUZI CHENYEWE

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vitambaa huenda ikawa hivyo. Katika sanaa sivyo. Ushahidi wetu ni “Abiria”, opera ya Kirusi ambayo Mieczysław Weinberg alimaliza kuitunga mwaka 1968.

Weinberg alizaliwa Warsaw mwaka 1919. Majeshi ya Hitler yalipoivamia Poland mwaka 1939, alikimbilia Urusi ya Kisovieti. Wazazi wake na dada yake, waliobaki nyuma, waliuawa. Opera yake yasimulia habari za Liese, aliyekuwa mlinzi katika kambi ya Auschwitz. Miaka mingi baada ya vita, yumo melini pamoja na mumewe, mwanadiplomasia, wakielekea Brazil. Humo anamwona abiria anayemdhania kuwa ni Marta, mfungwa aliyekuwa chini ya amri yake, na siri aliyomficha mumewe yafumuka. Hadithi yenyewe ilitoka kwa Zofia Posmysz, mwanamke wa Poland ambaye mwenyewe alifungwa Auschwitz.

Opera hiyo ilitarajiwa kuchezwa katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow, lakini iliwekwa kando. Dmitri Shostakovich, bingwa wa muziki aliyesikilizwa na dunia nzima, aliisifu. Sifa zake hazikuifungulia pazia. Weinberg alifariki mwaka 1996 bila ya kuiona jukwaani. Mwaka 2006 iliimbwa Moscow pasipo maonyesho kamili. Ilionyeshwa kikamilifu kwa mara ya kwanza Julai 2010, katika Tamasha la Bregenz nchini Austria, chini ya uongozi wa David Pountney, na Posmysz mwenyewe akihudhuria. Ilikuwa imengoja miaka 42.

Wako wasemao kwamba kucheza opera isiyojulikana ni kutupa fedha, kwani watu hupenda walichokizoea. Tamasha hilo hilo lawajibu. Mwaka huo, katika jukwaa lake lililojengwa juu ya maji ya ziwa, penye viti vipatavyo 7,000, ilichezwa “Aida” ya Verdi, ambayo haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Wakati huo huo, ndani ya ukumbi, Weinberg alipewa nafasi yake. Moja haikuizuia nyingine.

Na mlango ukiisha kufunguliwa, wengi hupita. London iliicheza “Abiria” mwaka 2011, na New York mwaka 2014 katika Tamasha la Lincoln Center. Mwaka 2024, Tamasha la Salzburg lilionyesha opera yake nyingine, iliyotokana na riwaya ya Dostoyevsky. Ni dhahiri basi kwamba kilichokosekana miaka yote ile hakikuwa uzuri wa kazi, bali mtu wa kuthubutu.

Kwa hiyo twasema kwamba tamasha la sanaa lisilothubutu halina tofauti na duka. Wakuu wa matamasha hawana budi, kila mwaka, kuitafuta angalau kazi moja iliyosahauliwa na kuipa waimbaji hodari na mazoezi ya kutosha, wala si kuichezesha kwa kutimiza wajibu tu. Nasi watazamaji tuna deni letu. Pazia likifunguliwa na viti vikawa vitupu, kazi hiyo itakuwa imefungiwa mara ya pili, na safari hii waliofunga mlango watakuwa ni sisi.