Daftari la Wiki: Vijineno Vinavyowalemea Watoto

Kitabu kimoja cha mazoezi ya Kiingereza cha kidato cha kwanza kimenighadhibisha, kwa kuwa kimepanga vitenzi katika safu moja, na vijineno "up", "off" na "out" katika safu ya pili, kisha kikamwamuru mtoto avioanishe pasipo sentensi hata moja ya kumwongoza. Mtoto ajuaye kuwa "give" ni kutoa na "up" ni juu, atapata wapi nuru ya kufahamu kwamba "give up" ni kukata tamaa, tena ni kuacha tumbaku, tena ni kusalimu amri, tena ni kumpisha mzee kiti?

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa, naye akajikalifu kuvikusanya kwa uangalifu. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza cha Msingi chenye maneno 850, ambamo vitenzi vilikuwa 18 tu, na Winston Churchill akakisifu hadharani katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943. Lakini kwa kuwa vitenzi hivyo vichache vililazimika kuungana na vijineno ili vibebe maana za vingine vyote vilivyoachwa, hesabu ilipungua katika orodha, ilhali mzigo wa mwanafunzi ulibaki palepale.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtoto huyohuyo hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga simu na hupiga mbizi, na hakuna aliyepata kumfundisha "piga" peke yake akamwacha ajitafutie lililobaki. Aliyapokea maneno hayo mazima, katika vinywa vya watu waliokuwa wakiyatenda. Kwa hiyo narudia nisemalo daima katika safu hii, tena kwa moyo wangu wote: kitenzi cha Kiingereza na kijineno chake vifunzwe pamoja kama neno moja, ndani ya sentensi yenye mtu na shughuli yake, na maana ifafanuliwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto huyu aghalabu huitumia kufikiri.

*

Furaha ya juma: mtangazaji wa mpira redioni, katika dakika za mwisho, alisema "wamesalimu amri", kwa Kiswahili kitupu na kwa sauti ya mtu anayekipenda.

*

Kamusi zilizoshonwa kwa uzi zimeadimika madukani, na hizi za gundi huachana kurasa kabla mwanafunzi hajamaliza kidato.

*

Maktaba ya mtaani kwetu hufungwa Jumamosi, siku ambayo watoto hawaendi shule. Nani aliyeiridhia ratiba hiyo?