Tanzania: Chembe za nano katika vita dhidi ya maji ya floraidi

Maji yatokayo katika miteremko ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, ni maangavu, na mgeni akiyanywa hatambui lolote. Dalili yake huonekana vinywani mwa wenyeji: meno yenye mabaka ya kahawia, ambayo Watanzania wa mikoa mingine, kwa utani usio na huruma, huyachukulia kuwa kitambulisho cha mtu wa Arusha.

Chanzo chake ni floraidi, inayotoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania, iliyoruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, imekuja kukifuata kiwango hicho, ingawa baadhi ya visima na chemchemi za kaskazini huvuka vyote viwili. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi hubaki na mabaka maisha yake yote. Kiasi kikubwa zaidi, kikinywewa kwa miaka mingi, hudhuru mifupa na kukakamaza viungo. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki katika maji machache zaidi.

Tatizo hili halikomei Tanzania. Limo Kenya na Ethiopia, na huko mashariki mwa Kongo, chini ya Mlima Nyiragongo, gesi za volkano huingiza floraidi hata katika maji ya mvua ambayo wakazi huyakinga kutoka mapaani.

Ndiyo maana kichujio cha Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali kutoka Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mkoani Arusha, kilivuta macho ya wengi. Mwaka 2015 Hilonga, aliyesomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na kupokea pauni 25,000. Kichujio chake huanza na mchanga, ambao hunasa uchafu na vijidudu. Kisha maji hupita katika dutu za nano zinazochaguliwa kulingana na kilichomo katika maji ya mahali husika, kwa sababu mchanga pekee hauwezi kuiondoa floraidi.

Nano ni kipimo tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Faida ya udogo huo ni eneo la uso. Mchemraba wenye upande wa sentimita moja una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa katika vipande vya nanomita moja moja, jumla ya nyuso zake hufikia mita za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira wa miguu. Floraidi hunaswa juu ya uso wa dutu. Uso ukiongezeka, nafasi ya kunasa nayo huongezeka.

Udogo uo huo ndio unaozua hofu. Wanasayansi hutofautisha chembe iliyofungwa ndani ya dutu kubwa na chembe iliyo huru. Ya kwanza hukaa mahali pake. Ya pili yaweza kusafiri na maji, kuvutwa kwa pumzi au kuingia mwilini pamoja na chakula. Katika Umoja wa Ulaya, dioksidi ya titani, unga mweupe uliotiwa katika peremende na vyakula vingine, ilipigwa marufuku kama kiungo cha chakula mwaka 2022. Sehemu ya unga huo ilikuwa chembe za nano, na wataalamu walishindwa kuondoa shaka kwamba ungeweza kudhuru vinasaba. Unga huo ulikuwa umeliwa kwa miongo kadhaa kabla ya uamuzi huo.

Kwa kichujio cha maji, basi, kupima maji yanayotoka leo hakutoshi. Vyungu vya kuchujia vilivyopakwa chembe za madini ya fedha, vinavyotengenezwa katika nchi mbalimbali, huua vijidudu, lakini fedha hiyo huchuruzika kidogo kidogo. Dutu zinazonasa floraidi nazo hujaa, na hapo ndipo penye swali ambalo sherehe za tuzo hazilifikii. Nyingi kati yake huiachia floraidi zikikutana na kemikali kali zenye asili ya magadi. Kiwandani hiyo ni neema, kwa kuwa dutu huoshwa ikatumika tena. Ikitupwa nyuma ya nyumba, floraidi iliyoondolewa kisimani yaweza kurudi ardhini. Mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya wizara ya maji ya Tanzania, umekuwa ukiutumia kuondoa floraidi, nao hujaa vivyo hivyo, japo hauna jina la kuvutia wafadhili.

Nanoteknolojia endelevu, inapozungumzwa kwa dhati, ni hesabu ya safari nzima. Watafiti hutengeneza silika ya nano kutokana na majivu ya makapi ya mpunga, au chembe za fedha kwa kutumia maji ya majani ya mimea badala ya kemikali zenye sumu. Hatua hizo ni njema, lakini zinahusu mwanzo wa safari pekee. Chembe ya fedha iliyotengenezwa kwa majani ni chembe ya fedha bado.

Kuhusu mwisho wa safari, mpango wa Hilonga wa kuwapa wajasiriamali vichujio ili wawauzie majirani maji una ubora ambao haukusifiwa vya kutosha. Dutu iliyochoka ikiwa katika kituo kimoja kinachohudumia mtaa ni rahisi kukusanywa na kurudishwa kuliko ikitawanyika katika mamia ya majiko. Sharti gharama ya kuirudisha iingizwe mapema katika bei ya ndoo ya maji, na hapo ugumu huanza, kwani familia inayoshindwa na bei hiyo itarudi kuteka chemchemini.