Mfuko wa siri kwenye koti la mtoto: kiinimacho cha kuanzia likizo hii

Baridi ya katikati ya mwaka imeshatua Uluguru. Huku mjini Morogoro sweta la asubuhi linatosha, lakini ukipanda Mgeta, Nyandira au Bunduki, koti halivuliwi mpaka jua likolee. Watoto wako likizo, simu za wazazi zinagombaniwa, na kila nyumba ina angalau koti moja la mtumba ambalo halimtoshi mtu vizuri.

Wiki hii tulitumie hilo koti. Nataka nikueleze, mzazi, namna ya kumfundisha mtoto kiinimacho kimoja: kushika kitu mkononi, kukihamishia mkono wa pili, kisha kufungua mkono huo na kukuta kitu hakipo. Siri iko kwenye mfuko mpana ulioshonwa ndani ya koti. Wanamazingaombwe wa Ulaya na Marekani huuita topiti. Sisi tutauita mfuko wa siri.

Utajiuliza mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye mazingaombwe. Nina sababu, na nitaifikia. Kwanza tushone.

Ni uchawi?

Hapana. Katika kiinimacho hakuna anayeombwa, hakuna dawa wala maneno ya siri. Kuna sindano, kitambaa na mazoezi. Hata hivyo swali hili wazazi wengi wanalo, na bibi kule kijijini anaweza kushtuka akiona ndimu imepotea mkononi mwa mjukuu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mtoto aanze kila onyesho kwa kusema wazi: "Huu ni mchezo wa mikono." Katika nchi ambayo watu wamewahi kuumizwa, hata kuuawa, kwa tuhuma za uchawi, sentensi hiyo usiichukulie kama mapambo.

Vifaa na kushona

Koti zuri la kuanzia ni la suti au la kitambaa kinachoning'inia, lenye bitana ndani. Majaketi ya zipu yanayobana hayafai. Likiwa kubwa kidogo kwa mtoto ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu litavaliwa bila kufungwa vifungo.

Kwa mtoto anayetumia mkono wa kulia, mfuko unakaa ndani ya upande wa kushoto. Anayetumia kushoto, geuza.

Chukua kitambaa laini, kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa sana. Kata upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 50, kikunje katikati, shona pande mbili. Umepata mfuko wa karibu sentimita 20 kwa 25. Usitumie kitambaa kigumu au cha nailoni, kwa sababu kinapiga kelele, na watazamaji wakisikia mchakacho mchezo umekwisha.

Mdomo wa mfuko lazima ubaki wazi wenyewe. Kata utepe mwembamba wa plastiki kutoka kwenye chupa ya maji, lainisha ncha zake, uushonee kwenye ukingo wa mdomo ulio upande wa tumbo. Utepe huo utaupinda mdomo kama kikombe. Ukingo wa pili, ulio upande wa koti, ndio unaoshikizwa kwenye bitana.

Sasa mahali pa kuuweka. Mvalishe mtoto koti, mwambie akunje viwiko na kukutanisha mikono mbele ya tumbo bila kujikaza. Weka alama ya chaki ndani ya koti, chini kidogo ya usawa wa mikono hiyo. Hapo ndipo mdomo wa mfuko unapoanzia, vidole viwili hivi kutoka kwenye ukingo wa mbele wa koti. Uinamishe kidogo ili mdomo uelekee kwenye ukingo huo badala ya kuelekea juu moja kwa moja. Kitu kitakuwa kinaingia kikitokea kulia, na mfuko uwe umekiangalia.

Usiushone moja kwa moja. Ushikize kwa vifungo vya kubonyeza au pini za nepi ili uweze kutolewa. Sababu nitaisema baadaye. Kama sindano si yako, fundi cherehani yeyote wa mtaani ataelewa ukimchorea kwenye karatasi.

Kabla ya yote, jaribu. Weka soksi ndani ya mfuko, mwambie mtoto ageuke, ainame, akae. Ikidondoka, au ukiona uvimbe kwa mbele, sogeza mfuko.

Mazoezi ya hatua nne

Anza na soksi iliyosokotwa mpaka ikafikia ukubwa wa ndimu. Ni laini, haina kelele, na ikidondoka haivunji kitu.

Hatua ya kwanza, asidanganye. Ashike soksi kwa mkono wa kulia na kuiweka kweli kwenye mkono wa kushoto, aufunge, aangalie. Arudie mara 10 au 20 huku unamrekodi kwa simu. Video hiyo ndiyo mwalimu wake. Baadaye uongo utatakiwa ufanane kabisa na huo ukweli.

Hatua ya pili, arushe tu. Mkono wa kulia upite mbele ya tumbo na kuiachia soksi iingie chini ya ukingo wa koti hadi mfukoni. Ni msukumo mdogo wa kifundo cha mkono. Bega halisogei. Siku ya kwanza soksi nyingi zitaangukia sakafuni, kwa hiyo asimame karibu na kitanda asichoke kuokota.

Hatua ya tatu, aunganishe. Mkono wa kulia unakwenda kukutana na wa kushoto kama kawaida, soksi inapita kuingia mfukoni, na mkono wa kushoto unafunga vidole kana kwamba umepokea. Hapa watoto wengi hufunga ngumi tupu, imebana. Mwambie aiache iwe ya duara, kama ina kitu ndani. Kisha alinganishe na video ya hatua ya kwanza.

Hatua ya nne ni macho. Yaufuate mkono wa kushoto tangu unapofungwa. Asitupie jicho koti hata kidogo. Mkono wa kulia ushuke taratibu, ulegee. Ahesabu moyoni hadi tatu, aupulize mkono wa kushoto, aufungue kidole kimoja kimoja.

Soksi ikishakubali, apande daraja: ndimu, kisha leso iliyokunjwa, kisha kizibo cha soda. Watazamaji wakae mbele yake, asiwepo mtu pembeni wala nyuma. Na asirudie mchezo uleule kwa watu walewale siku hiyo, hata wakimbembeleza. Mara ya pili watu hawaangalii tena mahali anapotaka waangalie.

Kwa nini macho yanakubali

Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land wa Uingereza walichapisha jaribio rahisi. Walionyesha watu video ya mwanamazingaombwe akirusha mpira mdogo juu na kuudaka, mara mbili. Mara ya tatu alifanya kama anarusha, lakini mpira ulibaki mkononi. Pale alipoinua macho kana kwamba anaufuata, takribani theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipaa. Waliona kitu ambacho hakikuwepo. Pale alipotazama mkono wake badala ya kutazama juu, waliodanganyika walishuka hadi karibu theluthi moja.

Mpira uleule, mkono uleule, tofauti ni kichwa na macho ya mtu mmoja. Ubongo wetu haungoji kupokea kila kitu ndipo uamue. Unabashiri kinachofuata, na ubashiri huo unaathiriwa sana na mahali mwenzako anapoangalia. Ndiyo maana hatua ya nne ina uzito kuliko mshono wote. Mtoto mwenye mfuko mbovu na macho mazuri atawashangaza watu kuliko mwenye mfuko wa fundi bingwa anayechungulia koti lake.

Faida iliyonileta hapa

Mikono inafaidika. Jijini London kuna mradi uitwao Breathe Magic unaotumia mazingaombwe kuwafanyisha mazoezi watoto waliopooza upande mmoja wa mwili. Mchezo unamlazimisha mtoto kutumia mikono miwili kwa pamoja, jambo ambalo kwenye mazoezi ya kawaida huwachosha haraka, na matokeo yaliyochapishwa yameonyesha watoto hao wakiboresha matumizi ya mikono yote miwili. Kama una mtoto mwenye hali hiyo, muulize mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo kabla ya kuanza.

Lakini kwangu faida kubwa ni nyingine. Kuna watu wanaotembea wakidai kutoa mawe, misumari au nywele kwenye mwili wa mgonjwa. Wanapapasa tumbo, wanafinya, mara kitu kinaonekana mkononi, kimelowa. Familia inalipa, mgonjwa anarudi nyumbani akiwa na ugonjwa wake uleule, na siku za kwenda hospitali zinapotea. Hapa sizungumzii waganga wa tiba asili waliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Nazungumzia mkono uliokuja na jiwe tayari.

Mtoto aliyeshona mfuko wa siri kwa mikono yake anajua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: kitu kinachotokea ghafla mkononi kilikuwa mahali fulani kabla. Atauliza, "Mkono wa pili ulikuwa wapi?" Swali hilohilo litamsaidia mbele ya karata tatu, mbele ya anayedai kuzidisha noti, na hata mbele ya ule ujumbe wa simu unaosema ile hela tuma kwenye namba hii. Mbinu ni moja: kukufanya uangalie pale wanapotaka wao.

Historia pia inaonya. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake maarufu, Jean Eugène Robert-Houdin, ili maonyesho yake yawaaminishe wenyeji kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa dini. Hakuwa na nguvu yoyote zaidi ya ufundi wake na vifaa vyake. Kiinimacho kikiambatana na ukweli ni burudani. Ukweli ukiondolewa, kinakuwa silaha.

Masharti ya nyumbani

Kwanza, mfuko unatolewa kabla koti halijatoka nyumbani. Mtoto akikutwa dukani au sokoni na mfuko wa siri ndani ya koti, hakuna atakayengoja maelezo kwamba ni mchezo, na wote tunajua umati wenye hasira unavyofanya. Hii ndiyo sababu ya vifungo vya kubonyeza.

Pili, kila kilichopotea kinarudi kwa mwenyewe kabla watu hawajatawanyika. Hakuna kuazima hela ya mtu, na vitu vya wadogo zake haviguswi bila ruhusa.

Tatu, vitu vidogo ni hatari kwa wadogo. Mtoto wa darasa la tatu na kuendelea ataumudu mchezo huu. Lakini mdogo wake wa miaka miwili naye ataiga, na kwake kitu hupotelea mdomoni. Sarafu, gololi na vizibo vihesabiwe na kufungiwa baada ya mazoezi. Sumaku ndogo na betri bapa za saa au rimoti zisitumike kabisa. Betri ya aina hiyo ikikwama kwenye mrija wa chakula inaweza kuuunguza ndani ya saa mbili.

Mtoto akimeza sarafu au betri, usimtapishe, usiingize vidole kooni, na usimpe tonge la ugali au ndizi eti isukume. Mpeleke kituo chenye eksirei, hata kama anaonekana mzima. Udenda unaomwagika, kushindwa kumeza, kutapika, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dalili za kukimbia. Betri ni ya kukimbia hata bila dalili. Kama amepaliwa, hawezi kulia wala kukohoa, na ana zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisichotoka, simama nyuma yake, umkamue tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano, rudia, huku mwingine akitafuta usafiri.

Wiki ya kwanza

Usitafute onyesho la ukumbini. Siku ya kwanza shoneni. Siku tatu zinazofuata, dakika 15 za mazoezi jioni. Siku ya tano amfanyie mtu mmoja tu, mjomba au jirani anayeelewa. Makofi yakipigwa, mwache mtoto achague kama ataitunza siri au ataionyesha. Wewe mzazi ubaki na kazi moja: kumuuliza, kila anapoona jambo la ajabu kwenye simu au mtaani, mkono wa pili ulikuwa wapi.