Cha hiari kiwe cha hiari kweli

Mwenzenu juzi nimeumbuka mbele ya lekchara. Programu yetu ya Java ya kutuma matangazo kwa SMS iliwaka vizuri, haikulalamika hata kidogo, na hakuna meseji iliyofika!

Kisa? Kitumaji tulikiwekea `@Autowired(required = false)`, halafu tukaandika `if` ya kuruka kikiwa `null`. Jina la pakeji lilikosewa, Spring haikukiona, programu ikaruka kimya kimya.

Sasa msimamo wangu. Kwenye dipendensi injeksheni klasi haijitengenezei vifaa, inaletewa toka nje. Basi kile ambacho kazi haiendi bila chenyewe kipite kwenye konstrakta. Kikikosekana, programu igome kuwaka papo hapo. Bora uumbuke chumbani peke yako.

Cha hiari, kama logi, nacho kiwe na cha kuanzia: klasi isiyofanya kitu lakini ipo, siyo `null`. Mwenye chake akibadilishe kwa seta. Guice ina `OptionalBinder`: `setDefault` ni cha kuanzia, `setBinding` ni cha anayetaka kubadilisha. Spring Boot ina `@ConditionalOnMissingBean`, inaleta chake pale tu wewe hujaleta chako.

Najua wapo watakaosema `required = false` inaokoa muda. Sawa, inaokoa wa kuandika, ila inakula wa kutafuta kosa. Sisi ilitula usiku mzima.

Mnasemaje wadau? Nabishana na yeyote, ila baada ya msosi.