Cheti kiko Arusha, ziwa liko Kabwe

Wadau, juzi nilikuwa Kabwe, wilayani Nkasi, nimekaa ufukweni na kijana mvuvi wa umri wangu. Nilimuuliza swali moja tu kuhusu samaki, akanipa somo la saa nzima. Alinieleza jinsi kuhe dume na jike wanavyolinda mayai na watoto wao pamoja, migebuka hupatikana wapi usiku, na kwa nini kusi likianza kuvuma mtu mwenye akili hatoki na mtumbwi mdogo.

Nikamwambia, ndugu yangu, wewe ni mwongoza watalii. Akacheka. "Bila cheti?"

Ana haki ya kucheka. Kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Sawa kabisa. Lakini mafunzo yako wapi? Mweka, chuo cha tangu 1963, kiko Moshi. Chuo cha Taifa cha Utalii kiko Dar es Salaam na Arusha. Jumlisha nauli, pango na ada, halafu niambie huyu atauza nyavu ngapi ili afike.

Matokeo yake niliyaona Kalambo. Mwongozaji wetu alitoka mbali, ana kitambulisho kifuani na Kiingereza safi. Mgeni akauliza wale ndege wakubwa kwenye genge ni gani. Akajibu, "Tai." Jamani! Ni kongoti, na genge lile ndilo wanalozalia. Wala hakugusia kwamba mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa upande wa Zambia, juu ya maporomoko hayohayo, kumepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu miaka 476,000 iliyopita. Mgeni akaondoka amepiga picha ya maji tu.

Simlaumu sana. Alifundishwa simba wa Serengeti, akaletwa Ufipa.

Najua mtasema kuzaliwa kando ya ziwa si elimu. Kweli. Rafiki yangu wa Kabwe hajui huduma ya kwanza, sheria za hifadhi wala namna ya kuongoza kundi la wazee wa Kijerumani. Hayo ndiyo afundishwe! Lakini afundishwe hukuhuku.

Wala siombi muujiza. Kule Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kuna kituo kinachofundisha askari wanyamapori wa vijiji, mbali kabisa na Arusha. Kwa nini Rukwa ishindikane? Walimu waje Sumbawanga kwa miezi michache. Wavuvi wazee walipwe kufundisha ziwa. Mtihani ufanyike ndani ya boti Kabwe, katika msitu wa Mbizi wenye mbega wekundu, na pale Kalambo. Atakayefaulu apewe leseni ileile, siyo kitambulisho cha mbeba mizigo.

Vinginevyo utalii wa kusini tunaoimbiwa kila siku utafika Kabwe ukiwa na waongozaji wake kwenye gari, na vijana wetu watabaki kusukuma boti.

Nawakilisha.